BANGI YA UANI: MBOLEA YA ASILI HAIHALALISHI HARAMU

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu, aliyeitandaza ardhi na kuiteremshia mvua, akaotesha ndani yake kila mmea wenye manufaa kwa waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na wote waliofuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, lipo jambo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa likisemwa kwa kunong'ona, na sasa linasemwa kwa sauti barazani, tena na watu waliotoka kuswali. Jambo lenyewe ni bangi inayooteshwa nyumbani. Hatuzungumzii yale mashamba makubwa yanayofichwa milimani, ambayo kila mwaka tunasikia yamefyekwa kule Kisimiri mkoani Arusha, Tarime mkoani Mara au Morogoro. Tunazungumzia miche mitano au sita nyuma ya jiko, katikati ya mahindi na maboga, iliyotiliwa samadi na mboji, inayomwagiliwa kama mchicha. Mwenye nayo akiulizwa, hajibu tena kwa aibu kama walivyojibu wa zamani. Anajibu kwa hoja. Anasema ni mmea wa asili, hauna kemikali, umekua kwa udongo safi, na wala yeye hamdhuru mtu.

Mtu anayefanya dhambi huku akijua kuwa ni dhambi, mlango wa toba uko wazi mbele yake na yeye mwenyewe anauona. Ama anayeipamba dhambi mpaka ikaonekana wema, huyo ameuziba mlango kwa mkono wake. Ndiyo sababu tumeona ni wajibu kuzichukua hoja hizi moja baada ya nyingine na kuzijibu, ili asije mtu kesho akasema hakuambiwa.

UDONGO WA UFIPA NI AMANA

Tuanze na udongo, kwa kuwa wao wenyewe wameanza nao. Uwanda wa Ufipa, uliosimama juu baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, si mgeni wa mbolea ya asili. Kabla ya gunia la kwanza la mbolea ya viwandani kufika Sumbawanga, wazee wa uwanda huu walikuwa na elimu yao, nayo ni kilimo cha ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi zikiwa ndefu na ardhi ingali laini, mkulima hukata tabaka la juu la udongo pamoja na majani yake, akaligeuza, nyasi zikawa ndani na udongo ukawa juu, akajenga vilima vya duara shamba zima. Nyasi huoza humo ndani na kuwa mboji. Juu ya vilima hupandwa maharage au maboga. Mvua za mwanzo za msimu unaofuata zikija, vilima huvunjwa na kutawanywa, kisha ukapandwa ulezi, na baadaye mahindi na maharage.

Hii ni kazi ya jembe, ya mgongo na ya subira. Kwa kazi hii uwanda usio na miti mingi umelisha watu wake vizazi na vizazi, na leo mkoa wa Rukwa unahesabiwa miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania kwa mahindi. Mbolea ya viwandani ilipopanda bei mwaka 2022, hata Serikali ikaanzisha ruzuku katika msimu wa 2022/2023, ilikuwa ni haki yetu kuirudia elimu hii ya wazee na kumshukuru Allah (s.w.) kwayo.

Katika Surat al-A'raf, aya ya 58, Allah (s.w.) amepiga mfano wa ardhi nzuri ambayo mimea yake hutoka kwa idhini ya Mola wake, na ardhi mbaya ambayo haitoi ila kwa taabu. Wafasiri wamesema huo ni mfano wa nyoyo. Basi tujiulize: ni moyo wa namna gani uliopewa ardhi nzuri, ukairutubisha kwa samadi nzuri, halafu ukachagua kuotesha humo kitu kibaya? Ardhi haina kosa. Mboji haina kosa. Kosa ni la mkono unaopanda.

"NI MMEA ALIOUUMBA ALLAH"

Hoja ya kwanza ni kwamba bangi ni mmea ulioumbwa na Allah (s.w.), na Yeye amesema katika Surat al-Baqara, aya ya 29, kwamba ameviumba vyote vilivyomo ardhini kwa ajili yetu. Basi vipi kiumbe chake kiwe haramu?

Jibu ni jepesi. Hata zabibu na tende ni mimea aliyoiumba Allah. Hata nguruwe ni kiumbe wa Allah. Nyoka naye ni kiumbe Wake, na hakuna anayemweka mtoto wake alale naye kwa hoja hiyo. Kuumbwa kwa kitu si idhini ya kukitumia kila namna. Aliyeumba ndiye aliyeweka mipaka, na katika Surat al-A'raf, aya ya 157, ameeleza kuwa kazi ya Mtume (s.a.w.) ni kuwahalalishia watu vilivyo vizuri na kuwaharamishia vilivyo viovu. Mwenye kuchukua aya ya kuumbwa akaiacha aya ya mipaka ni mfano wa mtu anayesoma nusu ya barua, kisha akaenda kuifanyia kazi.

"HAINA KEMIKALI"

Hoja ya pili ndiyo inayovuma zaidi siku hizi, nayo ni kwamba bangi iliyooteshwa nyumbani kwa samadi na mboji ni safi, tofauti na ile ya kununua mitaani ambayo mtu hajui imechanganywa na nini.

Ndugu Waislamu, tende za Madina katika zama za Mtume (s.a.w.) zilirutubishwa na kiwanda gani? Pombe iliyokuwa ikinywewa Madina siku ilipoteremka amri ya kuiharamisha ilitokana na tende zilizokua kwa maji ya visima na mbolea ya wanyama. Hapakuwa na dawa ya kuulia wadudu wala chumvichumvi za viwandani. Kama usafi wa udongo ungekuwa unahalalisha kilevi, basi ile ingekuwa pombe halali kuliko zote duniani. Lakini Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa akiwahudumia wanywaji siku hiyo, ameeleza kuwa mnadi aliponadi, walimwamuru aimwage, na pombe ikatiririka katika njia za Madina. Hawakuuliza imetengenezwa na nani wala kwa mbolea gani.

Kilichoharamishwa ni athari ya kitu katika akili ya mwanadamu. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), alipotumwa Yemen, kuhusu vinywaji viwili vya huko, kimoja cha asali na kimoja cha nafaka. Hakutaka maelezo ya asali wala ya nafaka. Alitoa kanuni moja inayobeba kila kitu mpaka Siku ya Kiyama: kwamba kila kileweshacho ni haramu. Na akaifunga njia ya hila kwa kufundisha kuwa kitu ambacho kingi chake kinalewesha, basi hata kidogo chake ni haramu.

Na kama ni habari ya afya, basi wasituambie nusu yake. Samadi haipunguzi kilevi kilichomo ndani ya jani. Mmea ukishiba mboji unastawi, na ukistawi hicho kilevi kinastawi pamoja nao. Moshi wake ni moshi, unaingia mapafuni kama moshi wowote. Mwaka 1987 wataalamu wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, kwa muda wa miaka 15. Wale waliokwisha kuvuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa mkubwa wa akili mara sita zaidi ya wasiovuta. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kuwa hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa anayeanza akiwa kijana mdogo na kwa anayetumia bangi kali. Je, wale vijana wa Sweden walipatwa na maradhi hayo kwa sababu ya mbolea?

"WANAZUONI WAMEKHITILAFIANA"

Hoja ya tatu inatoka kwa waliosoma kidogo, nao ni hatari kuliko wasiosoma. Wanasema bangi haikutajwa katika Qur'an, na kwamba katika vitabu vya fiqh kuna wanazuoni walioruhusu al-banj kwa kiasi.

Kwanza, neno al-banj katika vitabu hivyo kwa kawaida ni jina la mmea mwingine, wenye kulaza na kutuliza, uliotumiwa na matabibu wa zamani. Bangi yetu hii inajulikana katika vitabu kwa jina la al-hashisha. Mwenye kulinganisha majina kwa kusikia sauti yake tu hafai kutoa fatwa.

Pili, ni kweli kuwa al-hashisha haikujulikana kwa Maimamu wanne. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, ameeleza kuwa ilienea miongoni mwa Waislamu mwishoni mwa karne ya sita Hijria, wakati wa kudhihiri Watatari. Lakini ilipodhihiri, wanazuoni hawakukaa kimya. Al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki, aliyefariki mwaka 684 Hijria, aliiweka katika fungu la vitu vinavyoharibu akili. Az-Zarkashi wa madhehebu ya Shafi aliiandikia risala maalumu ya kubainisha uharamu wake. Adh-Dhahabi na baadaye Ibn Hajar al-Haytami waliihesabu katika madhambi makubwa. Khitilafu ipo, naam, lakini ipo wapi? Imo katika adhabu yake, je, ni hadd kama ya mnywa pombe au ni taazir anayoikadiria kadhi? Na imo katika unajisi wake, je, ni najisi kama pombe au la? Kuchukua khitilafu ya adhabu ukaigeuza kuwa khitilafu ya uhalali ni khiana ya elimu.

Ama suala la dawa, wanazuoni wametofautisha. Mgonjwa anayekatwa kiungo akapewa cha kumlaza, hiyo ni dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Leo zipo dawa zilizotengenezwa kutokana na mmea huu, kama ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa watoto wenye aina kali za kifafa. Dawa hiyo inatolewa na tabibu, kwa kipimo, kwa mgonjwa anayejulikana. Haihusiani na kijana mzima wa afya anayeketi nyuma ya nyumba baada ya Isha.

"MIMI SIVUTI, NAOTESHA TU"

Hoja ya nne inatolewa na anayejiona mwerevu. Havuti, wala hanywi. Yeye ni mkulima tu. Anaotesha, anachagua mbegu, anauza.

Mtume (s.a.w.) alipotaja laana inayohusu pombe, hakumtaja mnywaji peke yake. Alitaja watu kumi, akiwemo mwenye kukamua, mwenye kubeba, mwenye kuuza na mwenye kula thamani yake. Wengi wao huenda hawajaionja maishani mwao. Ibn Qudama katika kitabu chake al-Mughni amebainisha kuwa ni haramu kumuuzia maji ya zabibu mtu unayejua atayafanya pombe, na hali maji ya zabibu kwa asili yake ni halali na yana matumizi mengi mema. Sasa itakuwaje kwa mmea ambao aliyeuotesha uani, aliyeununua na aliyeufuata usiku wote wanajua unakwenda kufanya nini?

Na hapa pana jambo la kuchagua mbegu, ambalo wengi hawalifikirii. Mmea huu una wa kiume na wa kike. Mwenye kulima kwa ajili ya nyuzi za kamba hana haja ya kusumbuka na maua. Lakini hawa wa uani hung'oa ya kiume, huichunga ya kike, na hutunza mbegu za ule mche uliolewesha zaidi, msimu hadi msimu. Ndiyo kazi iliyofanywa na wakulima wa nchi za nje mpaka bangi ya leo ikawa kali kuliko ya zamani. Huko Marekani, vipimo vya bangi iliyokamatwa vilionyesha kilevi chake kikipanda kutoka kiasi cha asilimia 4 mwaka 1995 hadi kiasi cha asilimia 12 mwaka 2014. Na hii iitwayo skanka, ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikiikamata nchini mwetu, ni matunda ya uchaguzi huo huo. Basi mtu wa namna hii aseme nini mbele ya Mola wake? Nia yake imeandikwa katika mbegu anazozitunza. Kila msimu anafanya jitihada ili akili za watu ziharibike zaidi kuliko msimu uliopita.

Katika Sahih mbili imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi hiyo ni sadaka kwake. Tazama utukufu wa mkulima katika dini hii: analala, na ndege wa shambani wanamwandikia thawabu. Na imepokewa katika Sahih Muslim kuwa mwenye kuanzisha mwendo mbaya atabeba mzigo wake na mzigo wa wanaoufuata. Tazama sasa na huyu: analala, na kila kijana aliyepotewa na akili kwa jani la bustani yake anaongeza mzigo wake. Wote wawili wamepanda. Wote wawili wametia samadi.

"WENZETU WAMERUHUSU"

Hoja ya tano ni ya kutazama ng'ambo. Wanasema Kanada imeruhusu tangu mwaka 2018, Ujerumani imeruhusu miche mitatu nyumbani tangu Aprili 2024, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilihukumu mwaka 2018 kuwa mtu mzima asiadhibiwe kwa kuotesha ya matumizi yake faraghani. Malawi ilipitisha sheria mwaka 2020, Zambia jirani zetu mwaka 2021, na hata Morocco, nchi ya Waislamu, mwaka 2021.

Tunajibu: wakati mnapozitaja sheria za watu, zisomeni. Malawi, Zambia na Morocco ziliruhusu kilimo chenye leseni kwa ajili ya dawa na viwanda. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyomwambia mwananchi apande uani ili avute. Na lau wangeruhusu wote, tangu lini Muislamu akachukua halali na haramu yake kutoka bungeni? Nchi hizo hizo zimeruhusu pombe, kamari na riba. Mbona hamjatuletea hoja hiyo katika riba?

Ama sheria ya nchi yetu, ambayo ndiyo inayotuhusu, haina utata. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi, iwe mche mmoja au ekari kumi, na mahakama nchini zimewahi kutoa kifungo cha miaka 30 kwa kosa hilo. Tena haimgusi mpandaji peke yake. Inamgusa pia mwenye ardhi anayeruhusu hali akijua. Ndugu yangu, ardhi uliyopandia ni ya nani? Ni ua wa mama yako mjane. Siku askari watakapoingia, watamkuta nani nyumbani? Allah (s.w.) ametukataza katika Surat al-Baqara, aya ya 195, kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Wewe umejitupa, na umemshika mkono mzazi wako.

"KAZI NI NGUMU NA BARIDI NI KALI"

Hoja ya sita ni ya watu wa kwetu hasa. Wanasema uwanda huu ni wa baridi, mwezi Juni na Julai upepo unakata, na kazi ya jembe inavunja mgongo, basi mtu anahitaji kitu cha kumpa nguvu. Walio wengi husema hivyo kuhusu pombe ya ulezi, na sasa yanasemwa kuhusu bangi.

Inashangaza namna swali hili lilivyo la zamani. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kuwa Daylam al-Himyari (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa wao wako katika nchi ya baridi, wanafanya kazi nzito, na wanatengeneza kinywaji cha ngano ili wapate nguvu za kazi na za kuikabili baridi. Kana kwamba alikuwa ametoka Mpui au Namanyere! Mtume (s.a.w.) hakuikanusha baridi yao wala uzito wa kazi yao. Aliuliza jambo moja tu: je, kinalewesha? Akajibiwa ndiyo. Akamwamuru wajiepushe nacho. Daylam akasema watu hawatakiacha, na jibu likazidi ukali badala ya kulegea. Basi ambaye bado anasubiri ruhusa maalumu ya watu wa nchi za baridi ajue kuwa iliombwa, na jibu lilikwisha kutolewa.

"HALI NI NGUMU"

Imebaki hoja ya saba, nayo ndiyo pekee tunayoijibu kwa masikitiko. Wanasema: tumelima mahindi, na mahindi hayakutulipa. Tunakumbuka mwaka 2017, usafirishaji wa mahindi nje ulipozuiwa, bei ikaanguka na mkulima wa Rukwa akabaki anayatazama mahindi yake ghalani. Gunia zima lilikuwa haliwezi kununua kile ambacho kifurushi kidogo cha majani kinaweza kununua. Haya ni maneno ya kweli, na si uadilifu kuyapuuza.

Lakini kweli ya shida haiifanyi haramu kuwa halali. Abu Talha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mayatima waliorithi pombe kabla ya kuharamishwa. Hebu fikirini: mali ya mayatima, waliyoipata kwa urithi, nao hawana kosa. Aliamrishwa aimwage. Akauliza, je, asiifanye siki ili thamani isipotee? Akakataliwa. Kama pangekuwa na mtu wa kuonewa huruma katika mlango huu, angekuwa yatima. Na hakuruhusiwa.

Hata hivyo, hapa maneno yetu yanageuka kutoka kwa kijana wa uani na kuwaelekea wengine. Mayatima wale hawakumwagiwa pombe yao kisha wakaachwa wafe njaa. Waliishi katika umma uliokuwa ukitoa zaka. Enyi wakulima wakubwa wa Uwanda wa Ufipa, mnaojaza maghala na kupanga safu ya kwanza msikitini, zaka ya mazao yenu iko wapi? Allah (s.w.) ameamrisha katika Surat al-An'am, aya ya 141, itolewe haki ya mazao siku ya kuvunwa. Nisabu yake ni awsuq tano, takriban kilo 650, yaani magunia sita na nusu ya kilo 100. Kilimo chetu ni cha mvua, hivyo kinacholazimu ni sehemu ya kumi. Aliyevuna magunia 100 anadaiwa magunia 10. Wakiwepo wakulima kumi wa namna hiyo katika msikiti mmoja, hayo ni magunia 100 kila msimu, yakusanywe na kugawiwa mafukara na masikini. Ni vijana wangapi wangepata mtaji wa cherehani, wa mizinga ya nyuki, wa kuku, wa mbegu za viazi na alizeti?

Tunawakemea vijana kwa kupanda haramu, na ni haki tuwakemee. Lakini anayeizuia zaka yake, kisha akasimama kumlaani kijana masikini, naye ana hesabu yake.

FEDHA YAKE MSIKITINI

Lipo jambo jingine ambalo tunalisema waziwazi. Watu wanapochanga kwa ajili ya mabati au mikeka ya msikiti, hutokea mchango mnono kutoka kwa mtu ambaye kila mmoja anajua fedha yake inatoka wapi. Unapokewa, anaombewa dua, na jina lake linasomwa. Subhanallah! Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Allah ni mwema na hapokei ila kilicho chema, kisha akatajwa msafiri anayenyoosha mikono mbinguni akimwita Mola wake, na hali chakula chake ni haramu na mavazi yake ni haramu. Vipi atajibiwa huyo? Basi msikiti ulioezekwa kwa thamani ya akili za watoto wa jirani, tutaomba nini chini ya paa lake? Ni bora tuswali chini ya nyasi.

WAJIBU WETU

Kwanza, wewe kijana: ng'oa miche hiyo leo, kabla ya Magharibi, na usitunze mbegu. Pale ulipong'oa pana mboji nzuri, basi panda vitunguu, kabichi au maharage. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa dhambi ni kile kinachosuasua kifuani mwako na ukachukia watu wakikijua. Kama ni halali, kwa nini umeificha katikati ya mahindi?

Pili, wazazi: tembeleeni ua zenu. Mzazi asiyejua kinachoota hatua kumi kutoka jikoni kwake amelala usingizi usio na udhuru.

Tatu, maimamu na walimu wa madrasa: semeni. Msiogope kupoteza wachangiaji. Na ambaye ametubu au amekwisha kudhurika akili, msimfukuze. Mpelekeni hospitali na mshikeni mkono, kwani huyo ni mgonjwa wetu.

Nne, tunawatahadharisha wenye ghera: asitoke mtu usiku na panga kwenda kufyeka ua wa jirani. Kuondoa uovu kwa mkono katika mali ya watu ni kazi ya mwenye mamlaka. Sisi tuna ulimi, tuna nasaha, tuna dua, na tunazo zaka tunazodaiwa.

Wazee wanatueleza kuwa jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni kuutupa uchawi. Mgeni aliyeingia aliambiwa auache nje. Basi hiki kinachochukua akili ya kijana mzima na kumfanya aongee na ukuta, nacho tukitupe nje. Allah (s.w.) amemtaja katika Surat al-Baqara, aya ya 205, mtu ambaye akiondoka huenda mbio katika ardhi kuharibu mimea na vizazi. Bangi ya uani imekusanya yote mawili: imechukua nafasi ya mimea, na inakula kizazi.

Ewe Mola wetu, tubarikie mvua zetu, udongo wetu na mazao yetu. Tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu Yako. Wahifadhi vijana wetu akili zao, na wakunjulie wenye mali mikono yao watoe haki ya masikini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake wote. Aamin.

Wabillahi tawfiq.